Mbayuwayu Wanapoiaga Mwanza

Mwisho wa baridi ya Ulaya unaonekana Mwanza. Theluji sisi tunaiona kwenye televisheni tu, na miti yetu haikai uchi miezi mitano ikisubiri jua lirudi. Tuna kiangazi, tuna vuli, tuna masika, na kati ya vuli na masika tuna ule mwanya wa Januari na Februari ambapo mvua hupungua na vumbi hurudi barabarani. Hata hivyo, kuanzia wiki za mwisho za Februari mpaka Aprili, juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza wanaruka viumbe ambao miili yao imekwisha kuingia katika majira ya nchi zilizo kilomita 7,000 kutoka hapa. Nimekuwa nikiwafuatilia kwa miaka kadhaa sasa, na Machi ndio mwezi ninaousubiri kwa hamu kuliko Desemba.

Nianze na mbayuwayu, maana huyu kila mtu anamjua hata kama hajawahi kumtazama vizuri. Yupo juu ya uwanja wa Nyamagana watu wakicheza mpira, yupo nyuma ya ng'ombe kule Kisesa, yupo Malimbe na Luchelele, akipita chini kabisa mpaka tumbo linakaribia kugusa wimbi. Mgongo wa bluu iliyokoza inayong'aa, koo la rangi ya kutu, mkia wa panda. Uzito wake ni kama gramu 20.

Inabidi tuelewane ni mbayuwayu yupi, kwa sababu tunao zaidi ya mmoja. Kuna mwenyeji anayefanana naye sana, yule anayejenga kiota cha tope chini ya mapaa yetu na chini ya madaraja. Huyo tumbo lake ni la kijivu, mkia wake mfupi, na ziwa halihami. Mgeni ana tumbo jeupe au la rangi ya maziwa, na chini ya lile koo jekundu ana mkanda mweusi uliokatiza kifua chote. Hajengi hapa wala hatagi hapa. Huja Septemba na Oktoba, huondoka Machi na Aprili. Ukihesabu miezi utakuta wengi wao wanaishi Afrika muda mrefu kuliko wanavyoishi huko wanakototolewa, na bado tumezoea kuwaita ndege wa Ulaya. Mimi siwaiti hivyo tena.

Karibu na ufukwe ninaopenda kukaa asubuhi kuna nyaya za umeme, na hapo ndipo wanapotua kujisafisha jua linapochomoza, saa moja kasoro hivi. Wanapofika mwezi wa Oktoba wengi wamechakaa: rangi imepauka, kingo za mabawa zimelika, mkia umebaki kipande. Kisha huanza kuyaangusha manyoya na kuyaotesha upya, moja baada ya jingine, taratibu sana, kwa sababu ndege anayekula akiwa hewani hawezi kukosa bawa hata siku moja. Kazi hiyo huchukua miezi minne au mitano, na karibu yote hufanyika upande huu wa dunia. Mbayuwayu anayetua kwenye zizi la mkulima wa Uingereza mwezi wa Aprili, bawa lake lote limeota Afrika, kwa wadudu wa Afrika.

Machi hii nilimtazama mmoja kwa muda mrefu. Aligeuza kichwa mpaka nyuma, akaupeleka mdomo kwenye shina la mkia ambako kuna tezi ya mafuta, akausugua hapo mara mbili tatu. Halafu akaushika ule unyoya mrefu wa pembeni, mwembamba mno, akaupitisha mdomoni kuanzia kwenye shina hadi kwenye ncha, polepole, mpaka ukamchomoka na kurudi mahali pake. Akahamia wa upande wa pili, akafanya vilevile. Kisha akajitutumua manyoya yote yakasimama, akaonekana mkubwa mara mbili, akajitikisa, yakalala. Baada ya hapo akaimba. Mlio wa haraka haraka, mwembamba, unaoishia kwenye mkwaruzo mkavu. Kuanzia Oktoba hadi Januari nawasikia wakiitana kwa sauti fupi fupi tu. Wimbo wenyewe, ule wa kumtafuta mwenzi, huanza kushika kasi mwishoni mwa Februari, na mwenzi anayeimbiwa huenda atapatikana kwenye banda la nafaka ambalo wiki hii paa lake bado lina barafu.

Pale pale ufukweni kuna mzee mmoja mvuvi ambaye siku hizi haendi tena majini usiku. Kazi yake ni kushona nyavu za wanawe. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, leo tena umekuja kwa ndege zako?" Nikamwambia wameanza kuimba. Hakuinua macho kwenye nyavu. "Hao wenye mikia mirefu wakianza kuimba," akasema, "mimi natafuta misumari ya bati. Mvua haiko mbali."

Nimelitafakari sana jibu lake, kwa sababu yeye na yule mkulima wa Uingereza wanamtazama ndege yuleyule na kusoma kwake habari mbili tofauti, zote za kweli. Huku wimbo unatangulia masika. Huko ndege akifika, baridi imeisha.

Sasa kuna jambo lililonisumbua kichwa tangu nilipoanza kuangalia mambo haya: anajuaje kwamba wakati umefika? Ulaya ndege huona siku zikirefuka kwa masaa mengi kuanzia Januari hadi Juni. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Hapa tofauti kati ya siku ndefu kabisa ya mwaka na siku fupi kabisa haifiki dakika 20. Joto la Januari na la Machi halina tofauti ya kumshtua mtu. Kitu kimoja hutokea: katikati ya Machi, tarehe 14 hivi, jua la mchana hupita utosini kabisa, na ukisimama nje inapokaribia saa saba kivuli chako kinapotelea chini ya nyayo. Lakini jambo hilohilo hutokea tena mwishoni mwa Septemba, wakati ndege wanakuja. Jua peke yake lingeweza kumchanganya.

Jibu lilianza kupatikana Ujerumani katika miaka ya 1960. Mtafiti Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wadogo wala wadudu, wa jamii zinazokuja Afrika kila mwaka, ndani ya vyumba ambamo taa ziliwaka kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12, siku zote, bila mabadiliko. Yaani aliwatengenezea ikweta. Ndege wale waliendelea kubadilisha manyoya, kunenepa, na kuhangaika usiku wakirukaruka vizimbani ulipowadia wakati wa safari, ingawa hapakuwa na chochote chumbani cha kuwaambia. Mzunguko wao haukuwa wa miezi 12 kamili. Uliteleza mwaka hadi mwaka, na hilo ndilo lililothibitisha kwamba hawasomi ishara yoyote iliyojificha kutoka nje. Kalenda wanayo mwilini. Dunia ya nje huirekebisha tu isipotee.

Huwa nalikumbuka hilo nikiwatazama pale kwenye nyaya. Upepo ni uleule wa ziwani, joto ni lilelile, wadudu wapo tele. Hakuna kinachowafukuza Mwanza. Wanaondoka wakiwa wameshiba.

Watu wa kale wa Ulaya walishindwa kabisa kuelewa mbayuwayu walikokwenda. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakiwa wamenyonyoka manyoya. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Sweden, akaeleza kwamba wavuvi wa kaskazini huwatoa mbayuwayu majini kwa nyavu zao, wakiwa wamejishikiza pamoja kwa vishada, wakilala chini ya ziwa kusubiri joto. Imani hiyo ilidumu karne nyingi, na wasomi wakubwa waliiamini. Mimi siwacheki. Walikuwa wamewaona mbayuwayu jioni za mwisho wa kiangazi chao wakishuka kwa maelfu kwenye matete ya ziwa, na kesho yake wasiwaone tena. Ukikaa Luchelele jua linapozama utaona kitu hichohicho: wanakusanyika juu, wanazunguka, halafu ghafla wanamiminika kwenye matete na kunyamaza. Kwa mtu aliyesimama gizani, wameingia ziwani. Wale wazee walikuwa na haki ya kufikiria ziwa. Walikosea ni ziwa lipi.

Aliyeleta ushahidi wa kwanza usiobishika ni korongo. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, walimpiga korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umemtoboa shingoni. Mkuki ulikuwa wa Afrika, wa urefu wa karibu sentimita 80. Alichomwa huku kwetu, hakufa, akavuka bara na jangwa na bahari akiwa nao shingoni, akafika kwao kujenga kiota. Walimkausha, na mpaka leo yumo katika hazina ya Chuo Kikuu cha Rostock. Korongo wa aina yake huonekana pia mashambani Tanzania, hasa panapozuka viwavijeshi au panzi wengi, wakitembea kwa utulivu nyuma ya watu wanaolima. Kila nikiwaona namfikiria yule wa 1822. Aliyemrushia mkuki alikuwa na njaa, au alikuwa kijana anajaribu shabaha. Hakujua kwamba ametuma barua.

Turudi ziwani, maana Machi haina mbayuwayu peke yao.

Mvua ya kwanza ya masika mara nyingi hutanguliwa na sauti ya dudumizi. Huyu ni mwenyeji, mkubwa kiasi, mgongo wa kahawia na mkia mrefu mzito, hupenda vichaka vya kando ya maji na hasa asubuhi yenye mawingu. Mlio wake hushuka ngazi kwa ngazi, "du-du-du-du," unazidi kuwa wa haraka kadiri unavyoshuka, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Wazee wengi huku wanamhesabu kuwa ndege wa mvua. Ninavyoona mimi, huimba zaidi hewa inapokuwa nzito na yenye unyevu, kwa hiyo hawajakosea kumsikiliza.

Kisha inanyesha. Mvua zetu nyingi kubwa huzaliwa ziwani usiku: nchi kavu ikipoa, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea kwenye maji yenye joto, hewa inapanda, radi zinaanza. Asubuhi unaamka miamba yote ya Mwanza imeoshwa, na Jiwe la Bismarck limesimama jeusi kwa maji, na mnandi wamekaa juu yake wametandaza mabawa kuyakausha.

Na siku mbili tatu baada ya mvua ya kwanza nzuri, kumbikumbi wanatoka. Hapa ndipo naomba msomaji, kama uko Mwanza au popote kando ya ziwa, uache unachofanya utoke nje. Machi hii walitoka alasiri kwenye kichuguu kilicho pembeni ya kiwanja cha wazi karibu na nyumbani. Kwanza walitokeza askari mchwa kwenye vitundu, wakasimama wakinusa hewa. Kisha wenye mabawa wakaanza kujisukuma nje mmoja mmoja, mabawa yao bado yamekunjamana na unyevu, wakapanda majani, wakaruka. Ndani ya dakika chache walikuwa wengi kiasi kwamba hewa juu ya kichuguu ilionekana inachemka. Watoto walikuja na ndoo na beseni. Kuku walikuja. Mwewe walikuja kutoka sijui wapi, zaidi ya 20, na kila mmoja alimdaka kumbikumbi kwa mguu, akainamisha kichwa na kumla hukohuko angani bila kutua, mabawa yakianguka taratibu nyuma yake. Juu yao walikuwepo mbayuwayu, na juu zaidi keremkerem, wale wenye mgongo wa rangi ya dhahabu na koo la njano, ambao unawasikia kabla hujawaona. Keremkerem hao nao ni wasafiri. Wengine watachimba mashimo yao kwenye kingo za mito ya Uturuki mwezi wa Mei.

Kumbikumbi ni mafuta matupu. Kila aliyewakaanga anajua hawahitaji mafuta ya kula. Mafuta hayohayo ndiyo ndege wanayoyatafuta. Mbele yao kuna Sudan, kuna Sahara yenye upana wa kilomita 1,500 na zaidi, isiyo na mdudu wa maana, kisha kuna bahari ya Mediterania. Anayeondoka akiwa amekonda hafiki. Kwa hiyo zile siku chache za kumbikumbi kwenye ufukwe wetu zina uzito mkubwa kwenye hesabu ya nani ataonekana Ulaya mwaka huu na nani hataonekana.

Si kila mtu anafurahia mvua hizi. Mama mmoja ninayenunua kwake dagaa, anayeanika kwenye mchanga kule Igombe, aliniambia Machi ndio mwezi wa kulala jicho moja likiwa wazi. Dagaa wanaovuliwa usiku wanatakiwa wapate jua la siku moja zuri. Wakinyeshewa wanalainika, wanabadilika rangi, na bei inashuka mpaka ya chakula cha kuku. "Wewe mwanangu unaangalia juu kutafuta ndege," alisema, "mimi naangalia juu kutafuta wingu." Alikuwa amekwisha kuviringisha nusu ya nyavu za kuanikia kabla mimi sijaona dalili yoyote. Nilimuuliza amejuaje. Akaninyooshea kidole upande wa ziwa: yangeyange waliokuwa wametawanyika majini walikuwa wanarudi nchi kavu, wanaruka chini chini, wote upande mmoja. Robo saa baadaye ilikuwa inanyesha.

Usiku wa giza ni usiku wa dagaa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji mwezi usipokuwepo, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa kuwa taa haina nguvu ya kushindana nao. Ziwa lenyewe pia lina kalenda ya mwezi. Wale vijidudu wa ziwani, ambao huishi utotoni mwao chini kwenye tope na ndani ya maji, hutoka kwa mabilioni siku za mwezi mchanga, wakasimama juu ya ziwa kwa mawingu marefu meusi ambayo mgeni hudhani ni moto unaowaka kisiwani. Upepo ukiwasukuma nchi kavu, watu hufunga madirisha na kuzima taa. Mimi siku hizo ninaenda ufukweni, kwa sababu ya buabua.

Buabua wa mabawa meupe ni ndege mdogo wa majini, mwepesi, anayeruka akiyumba kana kwamba hana mfupa. Anazaliana kwenye madimbwi na mabwawa ya Ulaya ya mashariki na Asia, na maelfu kwa maelfu humaliza baridi yao juu ya Ziwa Victoria, wakiwala vijidudu hao kwa kuwaokota juu ya uso wa maji bila kuzama. Desemba ukimwona ni mweupe na kijivu, wa kawaida kabisa. Machi ndio mwezi wa kumtazama kwa karibu. Anaanza kutokwa na madoa meusi kifuani, kisha tumboni, kisha kichwani, bila mpangilio, na kwa wiki mbili tatu hakuna wawili wanaofanana: mmoja ana kola nyeusi, mwingine nusu ya tumbo, mwingine amebakiza uso tu. Ifikapo Aprili wale waliokamilika ni weusi tii mwili mzima, mabawa yameng'aa kwa weupe. Siku moja kundi lote lipo, wiki inayofuata unatafuta.

Mwaloni, pale Kirumba, wapo wasafiri wengine ambao wafanyabiashara wa samaki wamewazoea hata hawawatazami. Ni shakwe wakubwa, mgongo mweusi, kichwa na tumbo jeupe, miguu ya njano. Wanagombania utumbo wa sangara na mabaki ya dagaa pamoja na kongoti, kunguru na mwewe. Wanasayansi wa Finland waliwafunga shakwe wao vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, na vifaa hivyo vikawaonyesha wakishuka moja kwa moja hadi Ziwa Victoria. Kwa hiyo yule anayempokonya kunguru kipande cha utumbo pale kwenye ngazi za Mwaloni huenda mwezi wa Juni atakuwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe kando ya Bahari ya Baltiki, mahali ambapo jua wakati huo halizami ila kwa saa chache.

Nisipowataja wenyeji nitakuwa nimewadhulumu. Mdiria mweupe na mweusi yupo mwaka mzima, anasimama hewani mahali pamoja juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi na kichwa kimetulia kabisa, halafu anajiachia. Huyu ameiona historia ya ziwa kwa tumbo lake. Zamani alikula sana furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina zao. Sangara alipopandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na alipotawala ziwa katika miaka ya 1980, furu wengi walitoweka. Watafiti waliofanya kazi hapahapa Ghuba ya Mwanza waliona chakula cha mdiria kikihama kutoka furu kwenda dagaa. Ndege alibaki, sahani ilibadilishwa. Juu kwenye miamba ya Capri Point na kisiwani Saanane yupo mjusi wa kichwa na kifua cha waridi na mwili wa bluu, na pimbi wanaoota jua. Na kuna cherero, kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa machungwa, wanaopita kwa kelele juu ya mapaa ya mji wakiwa makundi madogo. Kwa asili ndege huyu ni wa eneo dogo la kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini-mashariki mwa ziwa hili. Alikamatwa kwa wingi mno kuuzwa nje katika miaka ya 1980. Watu wa nchi za mbali wanamjua kwa kizimba. Sisi tunaye huru juu ya mwembe, na wapo Wanamwanza ambao hawajawahi kumtazama.

Kinachoniuma ni mafunjo na matete. Kila mwaka natembea sehemu zilezile za ufukwe na kila mwaka naona pamekatwa, pamechomwa, pamemwagwa kifusi, pamepimwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, na wengi wetu tunaijua. Matete yale yana kazi: yanachuja maji machafu yanayoshuka kutoka milimani, samaki wadogo hujificha humo, kingo hazibomoki. Na usiku wa Machi yamebeba uzito wa maelfu ya gramu 20. Wakilala vibaya, wakikosa pa kulala wakaenda mbali na chakula, wanatumia mafuta waliyoyaweka kwa ajili ya jangwa. Mkulima wa huko mbali atakayeinua macho mwezi wa Aprili na kuona zizi lake tupu, hatajua kwamba mambo yaliharibikia Luchelele. Sisi tutajua, au tunapaswa kujua. Hawa ni ndege wetu kwa miezi sita, saba ya mwaka, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Kwa anayetaka kuanza, hahitaji darubini. Saa moja kasoro asubuhi inatosha, mahali penye nyaya au mti mkavu karibu na maji. Tazama mkia wa mbayuwayu. Tazama tumbo la buabua. Andika tarehe ya mwisho uliyomwona kila mmoja, kwa sababu anayeondoka hatoi taarifa, na bila kuandika utashtukia Mei imefika.

Halafu Mei usiache kwenda. Utakuta Mwaloni shakwe wachache wa kahawia, wenye madoa, ambao hawajaota ule mgongo mweusi. Hao hawakuachwa wala hawaumwi. Ni watoto wa mwaka jana, hawana umri wa kujenga kiota, na kwa wengi wao mwaka wa kwanza hakuna sababu ya kuivuka Sahara mara mbili. Hubaki ziwani, wakila mabaki ya sangara, mpaka wenzao warudi.